Mti Aliouonyesha Bi Hajra

Kitabu cha wageni kilikuwa na safu tano, na safu ya nne ndiyo iliyomtibua Bi Hajra Jamali asubuhi hiyo. Juu yake paliandikwa "Sababu ya kutembelea", na chini wageni waliotangulia walikuwa wamejaza utalii, utalii, mafunzo, utalii. Kijana wa getini alishika kalamu akamuuliza amwandikie nini. Bi Hajra akamwambia aandike kwamba amekuja kumsalimia bibi yake. Kijana akacheka kwa adabu, akaandika utalii.

Hebu niambie, wewe unayesoma. Mwanamke wa miaka sitini na nne, aliyezaliwa pembeni mwa msitu huo, aliyechimba ming'oko, viazi vya porini, humo mwaka ambao mahindi yaligoma na watoto wake wakala wakapona, leo anaandikwa mtalii. Na kuchimba ming'oko kwenyewe siku hizi ni kosa.

Kisha ukaja ukaguzi. Yule kijana, Jastin kwa jina, mwenyeji wa Nkowe, aliyevaa fulana ya kijani yenye picha ya hondohondo kifuani, alimwomba afungue kikapu. Mlikuwa na chupa ya maji, mihogo miwili ya kuchemsha, na unga wa mtama uliofungwa kwenye pembe ya kanga kuukuu. Jastin akanyoosha kidole kwenye ubao wa masharti, namba saba: ni marufuku kulisha wanyama. Bi Hajra akasema unga ule si wa wanyama. Jastin akajibu, kwa upole ule wa watu waliopitia semina, kwamba ngedere hawajui unga upi ni wao na upi si wao. Wakafikia mwafaka kwamba unga utaingia lakini kanga haitafunguliwa. Bi Hajra aliitikia huku akijua moyoni kwamba ataifungua mara tu kijana akigeuza shingo. Ila sharti namba mbili, ambalo mwaka jana halikuwepo, lilisema hakuna kuingia bila mwongozaji, kwa hiyo ikambidi asimame nyuma ya walimu saba waliokuja kwa gari la kukodi kutoka Nachingwea, atembezwe msituni kwao.

Watu wa Mandawa, kijijini kwake, wakitaka kumweleza mgeni Bi Hajra ni nani, husema ni yule aliyekalia mizani. Ilikuwa msimu mmoja wa korosho, ghalani, karani alipopima gunia lake harakaharaka na yeye akaona mshale haujatulia. Hakupiga kelele. Aliliteremsha gunia, akapanda yeye juu ya mizani, akakaa, akasema hashuki mpaka gunia lipimwe upya. Foleni nzima ilisubiri hadi adhuhuri, na gunia likapimwa upya.

Ujanani aliolewa na Imrani, fundi cherehani wa soko la Nachingwea, akakaa naye miaka kumi na mmoja. Siku aliposikia kwa jirani, si kwa mume, kwamba kuna mke wa pili upande mwingine wa mji, alipakia sufuria zake kwenye lori la mbaazi akarudi Mandawa. Kwao ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo alirudi kwenye chake, hakurudi kuhurumiwa. Akapanda mikorosho, akajifunza kuipulizia dawa ya salfa kwa mashine ya mgongoni, akalea mabinti wanne na kumzika mmoja. Anasali sala tano, na hajawahi kuona ugomvi kati ya sala zake na ule unga wa mtama.

Unga nao hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye anayetia unga kwenye kaburi la ukoo, na akichoka humkabidhi mtoto wa dada yake. Mjomba Shaibu alipoishiwa nguvu za miguu akahamia kwa binti yake, kijiji cha Chinongwe, na kazi ikamwangukia Bi Hajra. Kila mwaka, mwezi wa kumi na moja, kabla mvua za kupandia hazijaanguka, huingia msitu wa Chilungo peke yake asubuhi, hupiga magoti, humwaga unga kidogokidogo kwa mkono wa kulia na kumweleza mama mkuu, bibi aliyeuanzisha ukoo, habari za mwaka: nani kazaliwa, nani kafa, nani kaharibu. Asipofanya hivyo hakuna mtu wa ukoo anayepanda mbegu kwa moyo mweupe.

Kaburi lenyewe halina makuu. Liko chini ya msolo, mti wa kawaida tu, na alama yake ni chungu kilichofukiwa kimeinamishwa, kitako juu, kisha kikafunikwa majani makavu. Ukoo ulitaka hivyo. Mgeni haonyeshwi kaburi la mama mkuu, na jina lake halitajwi penye masikio ya nje. Mgeni aking'ang'ania, huonyeshwa mvule. Mvule wa Chilungo ni mti mnene, watu sita wakishikana mikono hawauzunguki, na mgeni akiuona huridhika kwamba amefika. Wakusanya kodi wa kikoloni walionyeshwa mvule. Wakata mbao nao walionyeshwa mvule, wakaogopa, wakaenda kukata kwingine. Hila hiyo ilisaidia miaka na miaka, na wazee walipoisimulia walipigana makofi mikononi kwa furaha.

Miaka minne iliyopita wakaja watu wa mradi. Walikuwa na adabu, walivua kofia, waligawa soda. Walisema Chilungo ni msitu wa pwani na ni adimu duniani, jambo lililomshangaza Bi Hajra, kwani bahari ameiona mara mbili tu maishani na mara zote mbili ilimbidi apande basi hadi Lindi. Walisema msitu utalindwa, wageni watakuja, na urithi wa wenyeji utaheshimiwa. Kwa hiyo wakawaomba wazee wawaonyeshe mahali pa matambiko ili pasije pakaguswa.

Bi Hajra aliongoza msafara. Uso aliukaza, hatua alizipima, akawafikisha kwenye mvule. Mmoja alimuuliza hapa hutokea nini, na yeye, akiwa hana la kusema, akatunga papo hapo kwamba siku za Ijumaa husikika ngoma isiyo na mpigaji, na kwamba mtu akilala pale huamka amesahau njia ya kwao. Wakaandika yote. Wakaelekeza kidude chao angani kikawapa namba za mahali, wakazijaza kwenye ramani, wakampa karatasi akasaini. Njia nzima ya kurudi nyumbani alicheka mpaka machozi. Usimlaumu haraka. Alifanya alivyofundishwa na waliomzaa, na waliomzaa walifundishwa na viboko vya wakoloni.

Sasa, miaka minne baadaye, alikuwa mbele ya mvule uleule, na mvule ulikuwa umezungushiwa mnyororo. Pembeni palikuwa na ubao wenye paa la bati kuukinga na mvua, umeandikwa "Mti Mtakatifu wa Wahenga". Jastin aliwaomba wageni wavue viatu. Walimu wakavua, na Bi Hajra, kwa kuwa macho yote yalimgeukia, akavua kandambili zake kwa heshima ya mti ambao haukuwa na lolote.

Jastin akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, tena kwa hisia. Alisimulia ngoma ya Ijumaa. Alisimulia aliyelala akasahau kwao, na akamwongezea huyo mtu jina na kijiji. Mwalimu mmoja mwanamke alifumba macho akagusa mnyororo kwa ncha za vidole. Bi Hajra alitokwa na kicheko puani, na Jastin akamgeukia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, hapa tunaheshimu."

Kibaya zaidi kilikuwa njiani. Kijana alisema wenyeji wa asili walikuwa wakiamini hivi, walikuwa wakiishi vile, walikuwa wakizika hapa. Mwalimu mmoja akauliza hao watu baadaye walikwenda wapi. Jastin akafikiri kidogo, akasema walitawanyika. Na mtu wa hao waliotawanyika alikuwa nyuma yake hatua nne, kanga ya kikapuni sasa imefungwa kiunoni, unga ndani yake, kandambili mkononi. Huo ndio urithi ulioheshimiwa. Walikuwa wameuweka kwenye ubao, na mwenyewe wakampanga mwisho wa mstari.

Kutoka mvuleni njia iligawanyika. Bi Hajra alitegemea wangepanda kulia kwenda kutazama bonde, kisha yeye angebaki nyuma kidogo ateremke kushoto kwenye msolo. Jastin akateremka kushoto. Alisema huko ndiko kunakotengenezwa mahali pa kupumzikia wageni, kuna mabenchi tayari, na choo cha kisasa kinachimbwa, vyumba viwili, cha wanaume na cha wanawake, kwa sababu wageni walilalamika sana. Bi Hajra aliongeza hatua, akawapita walimu.

Msolo ulikuwa umepakwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu. Kamba zilikuwa zimevutwa kwenye vigingi, na ndani ya kamba palikuwa na shimo, hatua tatu tu kutoka kwenye yale majani makavu yanayofunika chungu. Ndani ya shimo mwanamume alikuwa anachimba, amezama hadi kiunoni. Alipoinua kichwa na kumwona, alitabasamu, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema.

Alikuwa Seleman, mtoto wa marehemu Hadija, mdogo wake Bi Hajra wa tumbo moja. Alikulia Nachingwea kwa baba yake, akawa fundi wa ujenzi huko, na kwa umri wake wa miaka thelathini na tano ndiye mtoto wa kiume pekee wa upande wa mama aliyebaki kwenye ukoo. Alieleza kwa furaha kwamba amepata kazi hiyo wiki iliyopita, na kwamba Ijumaa alipanga kufika nyumbani kumsalimia. Bi Hajra hakuisikia hata nusu ya maneno yake. Alikuwa anautazama udongo uliorundikwa ukingoni, akijiuliza jembe limefika wapi.

Akamwambia atoke shimoni. Seleman alicheka akidhani anataniwa. Bi Hajra akamgeukia Jastin, akamwambia hapo wasichimbe, kuna mtu kalala. Jastin akamkumbusha kwamba mahali pa matambiko ni kule walikotoka. Bi Hajra akasema kule hakuna kitu. Jastin akatazama walimu, walimu wakamtazama bibi, na mmoja akatoa simu ili apige picha. Jastin, kwa kuwa sharti la kushughulikia jambo hilo hakuliona kwenye ubao, akampigia simu mratibu wa mradi.

Mratibu, Bwana Nicholaus, alifika kwa pikipiki baada ya nusu saa, na jalada kwapani. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana hasira ya Bi Hajra ilikosa pa kushika. Alimwamkia, akampa benchi akae, akafungua jalada. Ulikuwemo muhtasari wa mkutano. Ilikuwemo ramani yenye kitone chekundu kwenye mvule. Ilikuwemo sahihi, Hajra Jamali, iliyoandikwa kwa herufi za kuachana kama alivyofundishwa kwenye elimu ya watu wazima.

"Tulikuuliza, ukatuonyesha, tukapalinda," alisema. "Hata tawi halijakatwa pale."

"Pale niliwadanganya."

"Kwa nini utudanganye, Bi Hajra? Tulikuja kwa nia njema."

Ndivyo wanavyosema wote, na wewe mwenye kitu cha kuficha utajuaje nia njema kwa kuiona kofia imevuliwa? Alijaribu kumweleza kwamba kwao mgeni huonyeshwa mvule, kwamba si dharau, ni desturi. Bwana Nicholaus alisikiliza huku akigeuza kalamu. Kisha akashusha pumzi ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Alisema amefanya kazi kwenye barabara, kwenye mabomba ya maji, kwenye minara ya simu, na kila kazi ikianza makaburi huota. Jana hapakuwa na kitu, leo kuna babu watatu na shangazi.

"Kama ni suala la fidia," alisema, "lina utaratibu wake. Si lazima tufike huku."

Bi Hajra aliinuka kutoka kwenye benchi lile kana kwamba limemchoma. Fidia! Alikuwa amekuja na vibaba vya unga wake mwenyewe, wa mtama aliouotesha mwenyewe, akitaka dakika kumi tu za faragha, na sasa anaonekana mwizi anayeuza mifupa ya bibi yake. Angesema mengi kama Bwana Nicholaus asingegeuka kwa yule aliye shimoni na kumuuliza kwa heshima, kwa kuwa yeye ni wa ukoo huohuo, kama amewahi kusikia habari za kaburi mahali hapo.

Seleman alimtazama mama yake mkubwa. Akatazama jembe. Yeye si mwongo, Hadija hakuzaa mwongo.

"Mimi sijawahi kusikia," alisema.

Walimu waliangalia chini. Bwana Nicholaus hakushangilia. Alifunga jalada polepole, akasema kazi itasimama mpaka kesho saa nne, na kama Bi Hajra ana shahidi amlete. Baada ya hapo mti utaondolewa, maana mizizi inawasumbua mafundi. Bi Hajra alitoka getini na unga wake haujafunguliwa, kama alivyoahidi.

Hakupita nyumbani. Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi Chinongwe, mikono imeshika kiti kwa nyuma, vumbi lote la njia likiishia kwenye kanga. Mjomba Shaibu alikuwa barazani juu ya kitanda cha kamba, anapukuchua mbaazi kwenye ungo. Ana zaidi ya miaka themanini, na masikio yake bado mazima. Alimsikiliza mpwa wake toka mwanzo hadi mwisho bila kuacha kupukuchua.

Kisha akamwambia anyamaze. Wajenge choo chao, alisema, mwenye kaburi anajua kujilinda. Akamkumbusha baba zao waliochapwa viboko hadharani na bado hawakutaja jina wala mahali. Alisema yeye haendi, na hata angekuwa na miguu asingekwenda.

"Mjomba," Bi Hajra alisema, "wale walificha ili kaburi libaki. Sisi tunaficha ili lichimbwe."

Bi Hajra akamuuliza kwa nini Seleman hakuambiwa, maana ndiye mtoto wa kiume wa upande wa mama, ndiye aliyepaswa kuushika unga huo miaka kumi iliyopita. Mjomba Shaibu akasema jambo hilo lilizungumzwa na likafungwa: yule ni mtoto wa mjini, ana simu, angeianika siri ya ukoo kwa watu wasiojulikana. Bi Hajra akamwambia huyo mtoto wa mjini ndiye aliyeshika jembe. Hapo mikono ya mzee ilisimama kidogo juu ya ungo, halafu ikaendelea. Alikuwa mjomba, na mjomba hagombezwi, lakini Bi Hajra alipopanda tena bodaboda alimwachia neno moja tu, kwamba mficha uchi hazai.

Kesho yake alifika getini kabla ya saa tatu. Jastin alikuwa ameshafungua kitabu. Bi Hajra alipita. Kijana alimfuata akimwita bibi, bibi, kwanza tuandikishe, na yeye hakugeuka, akashika njia ya kushoto kwa miguu inayoijua. Chini ya msolo alimkuta Bwana Nicholaus na jalada lake, fundi mmoja mwenye msumeno wa mashine, na Seleman amekaa ukingoni mwa shimo, uso wake wa mtu asiyelala vizuri.

Bwana Nicholaus alimuuliza shahidi yuko wapi. Bi Hajra hakumjibu. Alipiga magoti, akafagia majani kwa viganja, na kitako cha chungu kikaonekana, cheusi, kimeng'aa kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. Fundi wa msumeno alirudi nyuma hatua mbili. Bwana Nicholaus aliinama akatazama, akasema kwa sauti ya kusikitika kwamba chungu kinaweza kufukiwa hata jana.

Basi hapo kilikuwa kimebaki kitu kimoja, jina, ambalo watu walichapwa na bado hawakulitoa. Bi Hajra alifungua pembe ya kanga. Jastin alifungua mdomo kuhusu sharti namba saba, kisha akaufunga. Unga ukaanza kudondoka kutoka mkono wa kulia, kidogokidogo, mbele ya mwongozaji, mratibu na fundi asiyejulikana kwao ni wapi.

"Nanjota," alisema, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona. "Nanjota, mama yetu, ni mimi Hajra. Mwaka huu nimekuletea habari mbaya. Watu waliniuliza ulipolala, nikawaonyesha mti usio wako, nao wameniamini. Anayechimba mlangoni kwako ni mtoto wa Hadija. Hajui lolote. Hatukumwambia."

Seleman alisimama. Hakumtazama mama yake mkubwa, alimtazama Bwana Nicholaus, na maneno yalimtoka taratibu kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe. Alisema binti yake wa kwanza anaitwa Mwamini shuleni, lakini ana jina la ndani. Jina hilo alipewa na mama yake, Hadija, hospitalini, siku mbili kabla hajafa. Alimwambia mtoto wako wa kwanza wa kike ni Nanjota, usilitaje mbele ya watu, na alipomuuliza Nanjota ni nani, mama akasema ataelezwa na wakubwa zake. Hakuna aliyemweleza. Mke wake tu ndiye mwingine anayelijua jina hilo, na mke wake hajawahi kufika Mandawa.

"Mimi hapa sichimbi tena," alisema. "Tafuteni mtu mwingine, na akija nitakuwepo."

Bwana Nicholaus aliliweka jalada chini. Kisha akasogea pembeni akapiga simu mbili, na aliporudi alisema choo kitahamishiwa karibu na maegesho ya magari, msolo hautaguswa. Fundi akafunga msumeno wake kwenye pikipiki kwa haraka ya mtu anayeogopa mtu mwingine asije akabadili mawazo.

Lakini kulikuwa na karatasi. Kumbukumbu lazima zirekebishwe, alisema Bwana Nicholaus, na ramani haibadilishwi bila maelezo. Akajaza fomu kwa mkono wake, akamsomea: Mimi, Hajra Jamali, nakiri kwamba nilitoa taarifa za uongo kwa mradi na kusababisha hasara. Bi Hajra alimsikiliza hadi mwisho. Akamwomba aongeze mstari mmoja, kwamba mradi ulipobadili matumizi ya mahali hapa na kuanza kuchimba haukumwita mtu yeyote wa ukoo kuuliza. Bwana Nicholaus alisema anaelewa, anaelewa kabisa, ila fomu haina sehemu ya hayo. Uongo wa mwanamke mmoja ulikuwa na mstari wake uliochapwa tayari. Jembe lao halikuwa na mstari.

Alisaini. Herufi zake zilikuwa zilezile za kuachana, na hakutetemeka, maana mwenye aibu kwenye karatasi ile alimjua kuwa si yeye peke yake. Aliomba jambo moja tu, na hilo alikubaliwa kwa mdomo: pasiwekwe ubao.

Walipoondoka wote, Seleman alishika koleo akaanza kulifukia shimo. Alifukia bila kupumzika, akashindilia udongo kwa miguu, akarudisha majani juu yake. Alipomaliza alikaa mbali kidogo na chungu, kama mgeni asiyejua aketi wapi katika nyumba ya watu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Mama mkubwa," aliuliza, "kwa nini hamkuniambia?"

Bi Hajra hajawahi kukosa jibu maishani. Alilitafuta. Akamkumbuka mjomba na neno lake la simu, akakumbuka viboko, akakumbuka Nachingwea ilivyo mbali, na kila alichokishika kilikuwa kile kile alichomwambia Bwana Nicholaus jana kuhusu mgeni na mvule. Karatasi ya mradi ilimchukua nusu dakika kuisaini. Hili lilimchukua muda zaidi.

"Tulikuficha wewe," alisema mwishowe, "kama tulivyowaficha wao."